Kabla ya Kuongeza Gesi



Mimi ni fundi wa friji. Kazi hii niliianzia Bukavu, nikaja nayo hapa Base Camp, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale: friji za soda, friji za maziwa, na siku nyingine AC za magari huko Mbarara. Leo nawaandikia ninyi, ndugu zangu wa Base Camp na mafundi wa Mbarara mnaotupokea kwenye gereji zenu, kwa sababu ya koleo.

Kiangazi kilichopita niliitwa kwenye gereji moja mjini kusaidia gari la umeme, Nissan Leaf iliyotumika Japani. Mwenye gari, mama mmoja mfanyabiashara, alikuwa amesharudi mara mbili na shida ileile: upepo unatoka, baridi hakuna. Mara zote mbili aliongezewa gesi, akalipa. Nilipofika, kijana anayejifunza kazi alikuwa ameinama kwenye boneti, koleo mkononi, anataka kuchomoa plagi ya kompresa. Kati ya koleo na waya wa rangi ya chungwa palikuwa na nafasi ya vidole viwili. Na gari lilikuwa limewashwa. Gari la umeme likiwaka haliungurumi, kwa hiyo yeye aliamini limezimwa.

Nilimshika mkono. Akanitazama kwa mshangao: “Mzee, kwani si AC tu?”

Kwenye gari la petroli, kompresa huzungushwa na mkanda wa injini. Kwenye gari la umeme hakuna mkanda. Kompresa ina mota yake ndani, nayo inakula umeme wa ile betri kubwa, volti mia tatu na zaidi. Umeme wa nyumbani, ambao tumeshazika watu kwa sababu yake, ni volti 240. Waya za chungwa zimepakwa rangi hiyo ili mtu akiziona asimame. Haziguswi mpaka gari lizimwe, plagi ya usalama itolewe, fundi asubiri kwa muda ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, kisha apime kwa mita akiwa na glavu za mpira za kuhimili volti 1,000. Kijana yule si mzembe. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Tulianza upya, kwa tochi. Kondensa ilikuwa imezibwa na vumbi jekundu, lile linalotuingia hadi kwenye unga wakati wa jua. Tuliiosha kwa maji ya taratibu, maana maji ya nguvu hulaza yale mapezi membamba. Feni ilizunguka vizuri. Filta ya hewa, ile inayokaa nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria, ilitoka nyeusi, nzito kama kitambaa kilicholowa. Ndipo tukafunga geji, tukakuta gesi imezidi. Wengi wetu hatulijui hili: gesi ikizidi, baridi inapotea kama vile imepungua. Kiasi chake kimeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya boneti, na hupimwa kwa mizani, si kwa kushika bomba na kusikilizia ubaridi. Tuliivuta yote kwa mashine ya gereji, tukapiga vakyumu, tukarudisha kipimo chake. Baridi ikarudi. Yule mama alikuwa amelipia mara mbili dawa ya ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Kama pangekuwa na uvujaji, ungejionyesha: gesi hutoka na mafuta kidogo, vumbi hunata hapo, na povu la sabuni humalizia ushahidi. Gesi ya AC hailiwi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inapitia.

Mafundi wenzangu, kuna jambo jingine, na hili naomba mlishike sana. Kompresa nyingi za magari ya umeme hutumia mafuta ya aina ya POE, yasiyopitisha umeme. Yale ya PAG tuliyoyazoea kwenye magari ya petroli yakiingia humo, hata yale mabaki tu ya kwenye mipira ya geji, huharibu kinga ya umeme ndani ya kompresa, na gari linaweza kugoma kabisa. Na magari mengi ya umeme hupoza betri kwa AC hiyohiyo. Leaf ile haifanyi hivyo, lakini zitakuja nyingine. Jinja sasa kuna kiwanda cha mabasi ya umeme ya Kayoola, kazi iliyochipuka kutoka gari la umeme ambalo Chuo Kikuu cha Makerere kililionyesha mwaka 2011.

Kisha kuna gesi yenyewe. Kilo moja ya R134a, ile gesi ya AC, ikiachiwa hewani hupasha dunia joto sawa na kilo 1,430 za hewa ya ukaa. Mkataba wa kuzipunguza gesi hizi ulipitishwa hapo jirani, Kigali, tarehe 15 Oktoba 2016, na Uganda imeuridhia. Mimi mwenyewe nimefungua vali za friji miaka mingi nikaiacha gesi iende zake. Nimeacha. Sisi wa wilaya hii ya Isingiro tunajua mvua ikikawia mahindi yanakuwaje.

Kwa hiyo nawaomba. Mwenye gari, ukifika gereji usiagize gesi. Sema baridi imepungua, kisha umwachie fundi nafasi ya kutafuta, na muda huo umlipe. Wenye gereji wa Mbarara, mchukueni kijana mmoja kutoka kambini, mmfundishe waya za chungwa kabla ya kumpa koleo. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi. Tunachoomba ni mtu wa kutuonyesha. Walimu wa ufundi, somo hili lianze sasa, wakati magari bado ni machache.

Nasi mafundi wa Base Camp tuchange. Tunakosa mashine ya kuvuta gesi, mizani na jozi mbili za glavu, na mmoja wetu hawezi kuvinunua peke yake. Nina seti mbili za geji. Moja nimeifunga utepe wa chungwa, itakuwa ya magari ya umeme tu, na yeyote ataazima. Njooni nyumbani kwangu Jumamosi asubuhi tupange. Kijana wa koleo ameshasema atakuja.