Daktari kizimbani: kwa nini PF3 peke yake haitoshi

Kuna swali linalotufikia kwa simu kila tunapozungumzia ukatili dhidi ya watoto: mtoto alipelekwa hospitali, daktari akampima na kuandika, fomu ikarudi polisi, sasa kwa nini mtuhumiwa tunapishana naye gulioni? Anayeuliza mara nyingi ni mama au bibi wa mtoto. Tumeona tueleze daktari anaitwa kufanya nini mahakamani, kwa sababu familia inaweza kupoteza kesi bila kujua imepotelea wapi.

Fomu yenyewe ni PF3, yaani fomu namba tatu ya polisi. Inatolewa kituo cha polisi, inajazwa na mtoa huduma ya afya, kisha inarudi kwa askari mpelelezi. Huku vijijini anayeijaza mara nyingi si daktari bingwa. Ni tabibu wa zahanati au kituo cha afya, aliyekuwa na foleni ya wagonjwa wa malaria tangu asubuhi, kisha akaletewa mtoto anayelia. Alichoandika katika dakika zile ndicho atakachoulizwa miezi mingi baadaye.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inaruhusu taarifa hiyo ipokelewe kama kielelezo. Lakini inampa mshtakiwa haki ya kutaka aliyeiandika aitwe aje kuhojiwa, na hakimu anatakiwa amweleze haki hiyo. Zaidi ya hapo, kielelezo kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti ili mshtakiwa ajue kinasema nini. Mahakama ya Rufani ililisisitiza hilo katika kesi ya Robinson Mwanjisi na wenzake ya mwaka 2003, na imelirudia mara nyingi tangu wakati huo. Utaratibu ukirukwa, PF3 inaweza kufutwa kwenye kumbukumbu wakati wa rufaa, hata kama kila kilichoandikwa ni kweli.

Hapo ndipo mdomo wa daktari unapookoa kesi. Mahakama hiyo hiyo imeamua zaidi ya mara moja kwamba fomu ikiondolewa, maelezo aliyoyatoa daktari mwenyewe kwa kiapo yanabaki na yanaweza kutegemewa. Karatasi iliyokuja bila mwenyewe ikifutwa, hakuna cha kitabibu kinachobaki.

Sasa daktari anasema nini? Anaeleza alimpima mtoto siku gani, saa ngapi, aliona nini na kwa maoni yake kilichoonekana kinalingana na kitu gani. Hawezi kusema nani alifanya. Upande wa utetezi ukimuuliza, "Wewe ulimwona mshtakiwa?" atajibu hapana, na jibu hilo lisiwavunje moyo ndugu waliokaa kwenye benchi. Kumtaja mtu si kazi yake. Katika kesi ya Selemani Makumba ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema ushahidi ulio bora katika kosa la ubakaji ni wa mwathirika mwenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, mtoto wa umri wa miaka 14 kushuka chini anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, akiahidi kusema ukweli na si uongo. Mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli, inaweza kumtia mtu hatiani kwa maneno ya mtoto huyo peke yake.

Jambo linalotusumbua zaidi ni pale daktari anaposema hakuona jeraha. Tumesikia watu wakitoka nje ya mahakama wakisema, "Basi mtoto alidanganya." Si hivyo. Sehemu za siri za mtoto hupona haraka, na watoto wengi waliofanyiwa vitendo hivi hupimwa wakaonekana kawaida. Sheria nayo haidai jeraha. Kuingiliwa hata kidogo tu kunatosha kuwa ubakaji. Tabibu makini atalieleza hilo mbele ya hakimu. Asiyezoea mahakama atajibu "sikuona kitu" na kuketi, na mwendesha mashtaka asipomuuliza zaidi, jibu linabaki hivyo hivyo kwenye kumbukumbu.

Umri nao una uzito wake. Aliye chini ya miaka 18 hahesabiwi kuwa aliridhia, na kumbaka mtoto wa chini ya miaka 10 adhabu yake ni kifungo cha maisha. Lakini umri lazima uthibitishwe. Unaweza kuthibitishwa na mtoto, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki mnayoiacha iliwe na panya, itunzeni.

Saa za mwanzo ndizo zinazompa daktari cha kueleza. Mtoto asiogeshwe kabla ya kupimwa, nguo zake zisifuliwe, na ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi maana kwenye nailoni huoza. Dawa ya kuzuia VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72, kwa hiyo ukifika zahanati kwanza, omba mtoto ahudumiwe wakati fomu inafuatwa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono ambapo daktari, askari na ustawi wa jamii wako mahali pamoja. Namba ya simu kwa watoto ni 116.

Halafu kuna lile la kumalizana. Wazee wanakaa, ng'ombe wanatajwa, na siku ya kesi mama na mtoto hawaonekani. Daktari anaweza kuwa amesafiri kutoka wilaya nyingine, ameacha wagonjwa wake, na hakuna atakayesimama baada yake. Hatumlaumu tabibu ambaye akiitwa tena anasitasita.

Matabibu huhamishwa, na wito unaweza kumkuta mtu ameshaondoka. Kwa hiyo siku mtoto anapopimwa, andika jina la aliyempima na kituo chake. Ukisikia amehama, mwambie mpelelezi mapema, na tarehe ya kesi ikikaribia muulize kama wito umemfikia.