Windows 11: Uapgredi ama Ufomati? Kwanza Cheki Lapi Yako Ilitoka Wapi

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kutuma apdeti za usalama za bure kwa Windows 10. Lapi hazikuzima siku hiyo, ndio maana wasee wengi waliendelea tu na maisha. Shida ni kuwa kila shimo jipya likipatikana kwa hiyo sistimu, linabaki wazi. Na ni kwa hiyo hiyo lapi unaingia KRA, HELB, benki, na ile akaunti ya kazi za mtandaoni inayolipa keja.

Sasa kila mtu anataka kuhamia Windows 11, na mabishano ni yale yale: uapgredi juu ya ile ya zamani, ama ufute kila kitu uinstoli upya?

Mtaani utaambiwa kufomati ndio kunafanya mashine ikimbie. Nusu ukweli. Ka lapi yako iko na RAM ya 4GB na ile diski ya kuzunguka, ifomati hata mara kumi, wiki ya tatu itaanza kukokota tena. Weka SSD kwanza. Mimi naona swali la maana si spidi. Swali ni: unajua ni nini kiko ndani ya hiyo mashine?

Kuapgredi ni kama kupaka nyumba rangi ukiwa bado unaishi ndani. Viti viko, sufuria ziko, na msee aliyechonga spea ya funguo yako bado anayo.

Sasa fikiria lapi nyingi za hapa Nairobi zinatoka wapi. Ni zile za ex-UK, za kampuni fulani huko majuu, zikapita kwa mikono sijui ya watu wangapi kabla zifike tao. Kuna mtu aliziwekea Windows, na kuna mtu aliweka Office ya kreki. Zile programu za kuamsha Windows bila kulipa huwa zinakuambia uzime antivirasi kwanza. Buda, jiulize kwa nini. Programu ya kuiba paswadi ikiwa ndani, ukiapgredi inahama na wewe mpaka Windows 11, na hautaona kitu mpaka siku akaunti yako itaanza kulipa mtu mwingine. Lapi ya aina hiyo ni ya kufomati, bila mjadala.

Kitu wengi hawajui: lapi nyingi za ex-UK ziko na leseni halali tayari. Windows 10 yako ikiwa imeamka kihalali, leseni inashikana na bodi ya mashine. Ukiinstoli 11 ya aina ile ile, Home kwa Home ama Pro kwa Pro, ikipata intaneti inajiamsha yenyewe. Hakuna haja ya kulipia kreki.

Lakini ka ulinunua lapi ikiwa mpya na haujawahi kuweka vitu vya wizi, kuapgredi ni sawa kabisa. Tena kwa prodyusa wa mtaa mwenye plagini mia na projekti nusu nusu, kufomati ni kujitafutia kazi ya wiki nzima. Ukiapgredi, Windows inaweka ile ya zamani kando kwa siku 10. Ukiona noma unarudi nyuma. Ukifuta diski hakuna kurudi, kwa hivyo bakapu si hiari. Na usibebe faili za Desktop pekee. Cheki Downloads, cheki paswadi za brauza, na cheki seva za gemu zako, zingine hujificha kwa folda ya AppData.

Pia dandia draiva ya Wi-Fi mapema uiweke kwa flashi. Windows 11 inataka intaneti wakati wa kuinstoli, na bila draiva utakwama hapo. Ama uchomeke simu na kebo ya USB, utumie bando ya simu.

Sasa hapa kwa fundi ndio ngori iko. Windows 11 za karibuni, ukiinstoli upya na uingie na akaunti ya Microsoft, zinaweza kufunga diski kwa BitLocker bila kukuuliza. Ufunguo wa kuifungua unaenda kwa akaunti iliyotumika kuingia. Fundi akitumia yake ndio amalize haraka, ufunguo wa vitu vyako uko kwake. Siku mashine itauliza hiyo namba na ukute fundi alihama stoli, faili zako zimeenda. Si lazima fundi awe mbaya, anaharakisha tu. Kwa hivyo ingia na akaunti yako mwenyewe, ukiwa umesimama hapo.

Kuna wale ambao hawana hata hiyo chaguo. Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. EliteBook 840 G3, ile unaona kila duka, iko kizazi cha 6. Fundi anaweza kulazimisha na Rufus na ikubali, lakini Microsoft haikuahidi apdeti kwa mashine ya hivyo. Hapo utakuwa umehama kutoka sistimu isiyo na apdeti kwenda nyingine ya kubahatisha.

Ka uko hapo, Microsoft iliweka mpango wa kuongeza apdeti za usalama za Windows 10 hadi Oktoba 2026. Ni dola 30, ama bure ukikubali kusinki setingi zako na akaunti ya Microsoft. Inapatikana kwa Settings, pale pa Windows Update, mradi uko toleo la 22H2. Na ka hiyo mashine ilikuja na kreki, ifomati kwanza hata ka unabaki Windows 10.