TAFAKARI YA JUMA: Je, Mkatoliki Anamkana Kristo Akijibu Swali la Mageuko?



Wapendwa wana wa Mungu, juma hili nilikusudia kuandika juu ya zaka, na wapo miongoni mwenu watakaofurahi kwamba sikuandika. Limetokea jambo lililonilazimu kuliweka hilo kando.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa ya pili, katekista wa kigango kimojawapo alinifuata sakristia akiwa na mwanawe, kijana wa kidato cha sita anayesoma fizikia, kemia na biolojia. Kijana ana akili. Walimu wake wanamtegemea, na yeye mwenyewe anataka kuwa tabibu. Katika mtihani wa majaribio alikutana na swali lililomtaka aeleze ushahidi wa mageuko ya viumbe. Hakulijibu. Aliandika sentensi moja tu: kwamba yeye ni Mkristo na hawezi kuandika uongo. Kwa swali hilo alipata sifuri. Aliyemshauri afanye hivyo ni mhubiri wa semina moja ya vijana, aliyewaambia kwamba anayejibu swali hilo jinsi vitabu vinavyotaka amemkana Muumba wake kwa kalamu.

Baba yake aliniambia kwa furaha, "Padre, mwanangu amemshuhudia Kristo."

Nilimjibu, "Hapana, Mwalimu. Amemshuhudia Askofu Mkuu Ussher."

Jibu lile lilikuwa kali kuliko alivyostahili, na nimekwisha kumwomba radhi kwa ukali wake. Maana yake sijaifuta. Leo nataka kuieleza, kwa sababu najua kijana huyu si peke yake, na kwa sababu nimechoka kuona watoto wa Kanisa Katoliki wakiingia vitani na silaha walizoazima kwa watu wengine, dhidi ya adui ambaye Kanisa lao halijamtangaza kuwa adui.

James Ussher alikuwa Askofu Mkuu wa Kianglikana huko Armagh, Ireland. Mwaka 1650 alichapisha hesabu ya miaka ya ulimwengu aliyoikokotoa kutoka katika Maandiko Matakatifu na kumbukumbu za falme za kale, akahitimisha kwamba ulimwengu uliumbwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Alikuwa msomi wa kweli kwa nyakati zake, nami simdharau. Ila hesabu hiyo si nasaha ya imani yetu, wala haimo katika Kanuni ya Imani tunayoikiri kila Dominika. Zaidi ya karne mbili baadaye, huko Marekani, ndugu zetu wa madhehebu mengine walipigana vita vyao wenyewe. Vilianza vijitabu vya miaka ya 1910 hadi 1915, ikafuata kesi ya mwalimu John Scopes kule Dayton, Tennessee, mwaka 1925, kisha mwaka 1961 kikatoka kitabu cha Whitcomb na Morris kilichodai kwamba sehemu kubwa ya miamba yenye masalia ya viumbe ililazwa na gharika ya Nuhu. Ni mafundisho ya Amerika ya juzi juzi. Hayakutoka Antiokia, Aleksandria wala Hippo. Yametufikia kwa mikanda, kwa vijitabu na kwa wahubiri wa mikutano, nasi tumeyapokea tukidhani ni imani ya mababu.

Imani ya mababu ni ipi basi? Mtakatifu Agostino, Mwafrika mwenzetu, mwanzoni mwa karne ya tano aliandika vitabu kumi na viwili kufafanua maana ya Mwanzo. Aliona mara moja jambo ambalo mhubiri wa semina hakuliona: mwanga unaumbwa siku ya kwanza, jua siku ya nne. Siku tatu zisizo na jua ni siku za namna gani? Origene alikwisha kuuliza swali hilo hilo kabla yake. Zaidi ya hayo, Agostino alionya kwamba Mkristo anayesema upuuzi juu ya mbingu, dunia na wanyama, huku akidai kwamba ndivyo Biblia inavyofundisha, anawafanya wasioamini waicheke Biblia yenyewe, na hivyo wasiisadiki hata inapowaambia habari za ufufuko. Onyo hilo lina miaka elfu moja na mia sita. Naona aibu kwamba bado tunalihitaji.

Someni wenyewe sura mbili za kwanza za Mwanzo, polepole. Katika sura ya kwanza wanyama wanatangulia, mtu anafuata. Katika sura ya pili mtu anafinyangwa kwanza, kisha wanyama wanaletwa kwake awape majina. Je, aliyeunganisha sura hizo hakuona tofauti hiyo? Aliiona vizuri. Hakuifuta kwa sababu hakuwa anaandika daftari la mahudhurio. Alikuwa anafundisha kwamba vyote vimetoka kwa Mungu mmoja, kwamba ni vyema, kwamba mtu ni udongo wenye pumzi ya Mungu. Anayetaka Mwanzo kiwe kitabu cha biolojia hakiheshimu zaidi kuliko mimi. Amekishusha cheo.

Kanisa nalo lilisema nini? Mwaka 1909 Tume ya Kipapa ya Biblia, iliyokuwa na msimamo mkali na iliyotetea ukweli wa sura hizo, iliruhusu hata hivyo neno "siku" lichukuliwe kama muda usio na kipimo. Mwaka 1950 Papa Pio XII, katika waraka wake Humani Generis, aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa binadamu umetokana na viumbe vilivyokuwapo kabla, mradi tushike kwamba kila roho inaumbwa moja kwa moja na Mungu. Tarehe 22 Oktoba 1996 Papa Yohane Paulo II aliiambia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi kwamba nadharia hii sasa ni zaidi ya dhana tupu. Papa Fransisko aliizungumzia mbele ya taasisi hiyo hiyo mwaka 2014, akasema haipingani na uumbaji bali inauhitaji. Ni nani basi aliyempa mhubiri yule mamlaka ya kumfunga mtoto wa Kanisa mzigo ambao mapapa hawakumfunga?

Nakiri kosa langu hapa. Nikiwa frateri katika masomo ya falsafa, niliandika insha ndefu ya kumvunjavunja Darwin. Nilisifiwa na wenzangu. Sikuwa nimesoma ukurasa mmoja wa Darwin. Mlezi wangu alinirudishia karatasi bila alama, ameandika swali moja pembeni: umemsoma? Tangu siku hiyo nawaogopa watu wanaokanusha vitabu kwa masimulizi.

Wapinzani husema, "Lakini ni nadharia tu." Kwamba vijidudu huleta magonjwa nako ni nadharia, na hakuna anayekataa kunawa mikono kwa sababu hiyo. Katika sayansi nadharia si kubahatisha. Ni maelezo yaliyojaribiwa mara nyingi na kustahimili. Wenye umri wangu mnakumbuka vidonge vichungu vya klorokwini. Mwaka 2001 Tanzania iliviacha, ikachukua SP. Miaka michache tu baadaye SP nayo ikaachwa, tukaingia kwenye dawa ya mseto. Kwa nini? Kwa sababu kati ya vimelea vya malaria walikuwapo wachache waliotofautiana kidogo na wenzao. Dawa iliwaua wengine, hao wakabaki, wakazaana, watoto wao wakarithi ukaidi ule. Huo ndio uteuzi wa asili aliouandika Darwin mwaka 1859, uliofanyika ndani ya damu zetu wenyewe. Utaniambia kimelea kimebaki kimelea, hakikugeuka kuwa mbu. Ni kweli, wala sidai kwamba mfano huu peke yake unamaliza hoja. Nauleta kwa sababu mwanangu yule anataka kuwa tabibu, na tabibu asiyeelewa jambo hili atawaua watu kwa dozi.

Kuna mfano mwingine unaonigusa zaidi. Katika parokia hii wapo akina mama wenye watoto wa selimundu. Mmoja wao aliwahi kuambiwa na jirani mwombaji kwamba ni laana ya ukoo. Alikuja kwangu kuungama dhambi ambayo hakuitenda. Sasa sikilizeni. Mwaka 1954 mtafiti Anthony Allison, akitumia uchunguzi alioufanya hapa Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi chembe hiyo kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria kali. Anayeirithi kwa wazazi wote wawili ndiye anayeugua. Ndiyo maana imeenea sana kwenye nchi zenye malaria: katika vizazi na vizazi iliwaokoa watoto wengi kuliko iliowaumiza. Yule mama hakulaaniwa. Amebeba alama ya mapambano ambayo mababu zake walishinda, na mwanawe analipa gharama yake. Ni maelezo machungu, lakini yalimwondolea hatia ambayo wacha Mungu walimtwika. Nadharia mnayoniambia ni ya shetani ndiyo iliyonisaidia siku ile kumfariji muumini wangu.

Jirani zetu wa Kenya walikwisha kuupitia mgogoro huu hadharani. Mwaka 1984 Kamoya Kimeu, mtafutaji hodari wa visukuku, aliona kipande kidogo cha fuvu huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kilipochimbwa na kutafutwa vizuri, ikapatikana zaidi ya mifupa mia moja ya mvulana mmoja aliyekufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka 2006, Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi yalipokuwa yakikarabatiwa, viongozi wa makanisa ya kiinjili, Askofu Boniface Adoyo akiwa msemaji wao, walipinga mvulana huyo kupewa nafasi ya mbele. Richard Leakey, marehemu sasa, aliwajibu kwa ukali wake uliojulikana. Mwaka 2008 makumbusho yalifunguliwa tena, na mvulana yumo. Sikuona Mkristo yeyote aliyepoteza wokovu kwa kumtazama.

Watu huuliza, hiyo miaka milioni inajulikanaje? Si kwa kukisia. Katika majivu na mawe ya volkano mna potasiamu, na sehemu ndogo yake hugeuka polepole sana kuwa gesi ya agoni. Jiwe likiwa bado la moto, gesi hutoroka. Likiganda, gesi hufungwa ndani na kuanza kujikusanya. Anayepima vyote viwili anasoma saa iliyoanza kuhesabu siku jiwe lilipoganda. Kwa njia hii hii nyayo za Laetoli, huku kwetu Ngorongoro, zilijulikana kuwa na miaka kama milioni 3.6. Ni nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu mabichi. Mungu aliyeweka saa hiyo ndani ya jiwe haweki saa za uongo. Wale wanaosema aliumba mawe yakiwa yameshazeeka ili kutujaribu wanamgeuza Mungu kuwa tapeli, na hilo kwangu ni kufuru kubwa kuliko yote aliyoandika Darwin.

Hata hivyo sitaki mwalimu wa biolojia anayesoma hapa apige makofi mapema mno. Wapo wanaosimama darasani na kusema sayansi imethibitisha kwamba hakuna Mungu. Hawajathibitisha lolote, wametoka nje ya maabara yao bila kujua. Darubini haipimi kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu. Mendel aliyegundua kanuni za urithi kwa kupanda njegere alikuwa mtawa Mwagostino. Lemaître aliyefikiria mwanzo wa ulimwengu unaopanuka alikuwa padre kama mimi, mwenye hesabu nzuri kuliko zangu.

Pingamizi moja naliheshimu, nalo mhubiri wa semina hakuligusa. Mtume Paulo anafundisha kwamba kifo kiliingia kwa dhambi ya mtu mmoja. Kama viumbe walikuwa wakifa kwa mamilioni ya miaka kabla ya mtu, inakuwaje? Kuhusu wanyama, Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijibu zamani kwamba dhambi ya mtu haikubadili asili yao. Simba alikuwa simba, mla nyama, hata kabla ya anguko. Kifo anachokisema Mtume ni kifo cha mwanadamu, kifo kilichobeba utengano na Mungu. Katekisimu yetu inasema Mwanzo sura ya tatu inatumia lugha ya picha, na bado inasimulia tukio la kweli la mwanzo wa historia ya binadamu. Namna ya kuunganisha hilo na wahenga wengi ambao sayansi inawaona ni kazi ambayo wanateolojia hawajaimaliza. Pio XII aliona ugumu wake. Ugumu ni haki ya imani iliyo hai. Lakini ugumu haujibiwi kwa kuacha karatasi tupu.

Nilimweleza kijana haya yote, kwa maneno machache kuliko niliyotumia hapa. Atarudia swali lile kwa mwalimu wake, na mtihani wa taifa bado uko mbele. Baba yake alikaa kimya muda mrefu, chai ikipoa mbele yake. Kisha akauliza, "Padre, yule mvulana wa Turkana, alikuwa na roho kama yetu?"

Nilimwambia Kanisa halijatamka, nami siwezi kulitangulia. Akatikisa kichwa, akasema angependa kumwombea, ikiwa hakuna ubaya.

Nilimwambia hakuna ubaya.

Dominika njema,
Paroko wenu.