Wanaosifu Bweni

Wakikutana waliosoma bweni kwenye nyama choma, haipiti nusu saa maharage hayajatajwa: yenye wadudu, yaliyochemshwa bila mafuta, na ugali uliokorogwa kwa mwiko mrefu kama kasia. Kisha mmoja wao, siku hizi ana kitambi na cheo, atasema shule ile ndiyo iliyotufanya watu. Nakubali, ila si kwa viboko na njaa anavyovisifu. Waliotoroka usiku wakarudi kwao bila cheti hawaalikwi kwenye nyama choma hizi. Kilichotufaa ni kuchanganywa. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925 kwa ajili ya watoto wa machifu, ilimpokea Julius Nyerere mwaka 1937 akitokea Musoma, akakaa na vijana wa kila pembe ya Tanganyika. Baada ya uhuru serikali ikaendeleza jambo hilo kwa makusudi: Mhaya Songea, Mmakonde Moshi, kila mtu na tranka lake. Ukishamwazima mwenzako ndoo, mkagawana kipande cha sabuni, ukamshika mkono kumpeleka zahanati anatetemeka malaria, kabila lake linabaki la kutaniana tu. Lakini baadaye wazazi wenye fedha wakageuza bweni kuwa mahali pa kulelea watoto wadogo, mpaka mwaka 2023 serikali ikalizuia kwa madarasa ya awali hadi la nne. Mtoto wa miaka 5 huenda bado anakojoa kitandani; huyo anahitaji mama yake, si kiranja.