Kabla hujang'oa mabati: Hesabu ya paa jipya Nakuru

Ukiangalia Nakuru kutoka juu ya Menengai, mapaa yatakuambia nani anaishi wapi kabla hujauliza. Milimani na Kiamunyi kuna vigae vya rangi ya kahawia na nyekundu. Kwingine ni mabati ya kawaida, mengine yashashika kutu. Ndiyo maana kijana akipata chapaa kidogo, iwe ya chama au mkopo wa sacco, hufikiria kuwatolea wazazi mabati na kuwawekea vigae. Wazo ni poa. Shida ni kwamba bei unayotajiwa dukani ni ya vigae pekee, na paa si vigae pekee.

Kwanza jua unachonunua. Vigae vingi vya kisasa si udongo wala saruji. Ni bati la chuma lililogandishwa chembe za mawe juu yake, ufundi ulioanza kuuzwa New Zealand miaka ya 1950. Ni vyepesi: mita moja mraba ina uzito wa kilo 7 hivi, ilhali vigae vya saruji hupita kilo 40. Kwa hivyo ukuta wa nyumba ya zamani unaweza kuvibeba bila taabu.

Mbao ndizo zitakazokutoa jasho. Mabati marefu hushikiliwa na mbao zilizoachana karibu mita moja. Vigae hivi ni vifupi, kwa hivyo mbao huachana chini ya sentimita 40. Upande wa paa wenye urefu wa mita 5 uliokuwa na mbao 6 sasa utataka 14 hivi. Na kama paa lenu limelala sana, itabidi liinuliwe, la sivyo maji yatapenya kwenye viungio. Usisahau kuwa bei ya mbao ina siasa zake. Marufuku ya kukata miti iliwekwa 2018, na Rais William Ruto akatangaza kuiondoa Julai 2023 akiwa hapa hapa Molo. Katika miaka hiyo, walioumia si wajenzi tu bali pia vijana waliotegemea mbao kupata riziki kule Elburgon.

Sasa tuje kwa jambo linaloweza kuua. Si kila paa kuukuu ni mabati. Nyumba nyingi za umma na shule zilizojengwa zamani nchini ziliezekwa kwa asbesto, yale mapaa ya kijivu, mazito, yenye mawimbi. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani, na ugonjwa unaweza kujitokeza miaka 20 au 40 baadaye. Sheria za taka zinaitambua kama taka hatari, na kuibeba au kuitupa kunahitaji leseni ya NEMA. Haifai kuvunjwavunjwa kwa nyundo. Hulowanishwa kwa maji, hutolewa ikiwa nzima, hufungwa kwa plastiki nzito na kuzikwa mahali palipoidhinishwa.

Lakini ukitaka bei ya chini, nani atapanda juu? Ni msee wa mjengo anayelipwa dihadi, bila barakoa, akirusha vipande chini watoto wakicheza. Akianza kukohoa baada ya miaka 30, hakuna atakayekumbuka hiyo kazi. Paa likionekana hivyo, simamisha kazi na uulize NEMA kwanza. Na kwa kuwa gharama hiyo ni kubwa kwa familia ya kawaida, serikali ya kaunti inafaa kusaidia hapo, kabla ya kufikiria rangi ya mapaa ya jiji.

Kitu kingine ni maji. Visima vingi vya Bonde la Ufa vina floridi nyingi, ndiyo maana unaona watu wenye meno ya kahawia. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Paa la mita 100 mraba likipata mvua ya milimita 10 hukupa karibu lita 1,000. Ukiweka vigae ukakosa pesa za mifereji na tangi, umenunua urembo na kumwaga maji. Acha tu mvua za kwanza zioshe chembe zilizolegea kabla ya kuanza kuteka.

Kuna pia vigae vya plastiki chakavu na mchanga, ambavyo vimekuwa vikitengenezwa nchini. Kwa jiji lenye jalala la Gioto, hiyo ni kazi inayoweza kulipa vijana. Hata hivyo, kabla ya kununua uliza kama vimepimwa kwa moto na jua kali, na kama vina alama ya KEBS. Kuhurumia mazingira hakuzuii paa kuvuja.

Hesabu ikikushinda, si aibu kubaki na mabati mazuri. Kumbuka tu kuwa namba ya geji ikipanda, bati linakuwa jembamba: geji 28 ni nene kuliko 32. Mabati mazito, mbao zilizotiwa dawa na tangi la maji vitamfaa mama kuliko vigae vya mkopo juu ya mbao zilizooza. Mwite fundi apande akague mbao kabla hujalipia hata kigae kimoja.