Kadi ya dola 249: nafuu Marekani, ghali Kasulu

Mwenye kibanda kimoja cha gemu mjini Kasulu ametuuliza swali linalowahusu wafanyabiashara wadogo wengi, kuanzia hapo hadi Kibondo. Ana kompyuta mbili za mtumba, na wateja wake ni vijana wapenzi wa mpira wa kwenye skrini. Sasa anataka kukopa kwenye VICOBA anunue kadi mpya ya grafiki, yaani kile kifaa kinachochora picha za gemu, aina ya Intel Arc B580. Anaamini picha nzuri zitaleta foleni. Je, anunue?

Jibu la safu hii ni hapana: si kwa mkopo, na si kwa kompyuta alizonazo.

Bidhaa yenyewe tuipe haki yake. B580 iliingia sokoni Desemba 2024 kwa bei ya dola 249, ikiwa na kumbukumbu ya GB 12. Mshindani wake, RTX 5050 ya Nvidia, alitoka Julai 2025 kwa bei hiyo hiyo akiwa na GB 8 tu. Kwa mnunuzi wa Marekani mwenye kompyuta mpya, Intel imeuza mali nyingi kwa fedha kidogo.

Lakini mfanyabiashara hanunui sifa, ananunua faida. Tukikadiria dola moja kwa shilingi 2,500, dola 249 ni shilingi 622,500. Ongeza VAT ya asilimia 18, unafika shilingi 734,550. Hapo bado hujalipa usafiri, hujaweka faida ya muuzaji wa Dar es Salaam, wala nauli ya mzigo hadi Kigoma. Aidha, hiyo ni bei ya siku ya uzinduzi. Mwishoni mwa 2025 bei za kumbukumbu za kompyuta zilipanda duniani kwa sababu ya mahitaji ya mitambo ya akili bandia, na kadi za grafiki hutumia kumbukumbu hizo.

Tatizo kubwa zaidi limo ndani ya kompyuta yenyewe. Intel inataka kadi hii iwekwe kwenye mashine yenye teknolojia iitwayo Resizable BAR, na kwa upande wa prosesa zake inapendekeza kuanzia kizazi cha kumi. Januari 2025 wapimaji wa vifaa walionyesha kwamba B580 hupoteza sehemu kubwa ya kasi yake ikiunganishwa na prosesa za zamani. Kompyuta nyingi za mtumba zinazotoka maofisini Ulaya na Marekani ni za vizazi vya nyuma ya hapo. Tena pawa saplai zake mara nyingi hazifiki wati 300, ilhali kadi hii peke yake hula hadi wati 190. Anayenunua kadi atajikuta ananunua na kompyuta nyingine.

Wapo wanaodai kwamba tatizo ni bili ya umeme. Tupige hesabu. Kadi ya wati 190 ikifanya kazi kwa nguvu zote saa nane hutumia uniti 1.52, yaani kama shilingi 540 kwa bei ya takriban shilingi 356 kwa uniti. Kadi ya wati 70 hutumia kama shilingi 200. Tofauti haizidi sana shilingi 10,000 kwa mwezi. Inauma, lakini haiui biashara. Kinachoua ni mtaji uliolala.

Ipo njia ya kati. RTX 3050 ya GB 6 ilitoka Februari 2024 kwa dola 169. Inatumia wati 70 na haihitaji waya wa ziada wa umeme, na zipo fupi zinazoingia kwenye kasha jembamba la kompyuta ya ofisini. Kwa hesabu ile ile pamoja na VAT ni shilingi 498,550, pungufu kwa shilingi 236,000. Kama mechi moja ni shilingi 500, tofauti hiyo ni mechi 472. Mteja wa mpira hataongeza hata shilingi kumi eti kwa sababu vivuli vya wachezaji vimechorwa vizuri zaidi. Anacholipia ni gemu isiyokwama, pedi nzima na zamu isiyochelewa.

Hata hivyo, yuko mtu mmoja ambaye B580 inamfaa: anayerekodi na kuhariri video za harusi na mikutano, mwenye kompyuta mpya. Kwake GB 12 ni kitendea kazi, na kadi hii huandika video za mfumo wa AV1 bila kuielemea prosesa. Huyo ana bidhaa ya kuuza kwa bei ya juu. Mwenye kibanda hana.

Ushauri wetu: kabla ya kulipa, fungua kompyuta usome aina ya prosesa na wati za pawa saplai. Kisha hesabu mechi zinazochezwa kwa wiki moja, siyo zile unazozitumaini. Ikiwa viti vinakaa vitupu mchana, kadi haitavijaza. Ikiwa vijana wanasubiri nje, kinachokosekana ni skrini ya tatu, na fedha iende huko. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mkopo wa VICOBA hupotea upesi zaidi.