Dereva Si Chujio la Hewa

Napinga desturi ya wamiliki wa malori ya kulinganisha Scania 113 na Scania 124 kwa lita na kilomita pekee, kisha kumkata mshahara dereva wa gari lililokula mafuta mengi. Tuseme lori moja, likiwa na tani 28, limetumia lita 50 kwa kilomita 100. Jingine, likiwa na tani 20, limetumia lita 45. La kwanza limetumia chini ya lita 1.8 kwa kila tani, la pili lita 2.25. Mlafi ni lipi?

Tena injini kuukuu haihukumiwi kwa jina lake. Nozeli zilizochakaa na chujio la hewa lililoziba hula mafuta. Vivyo hivyo mlima Kitonga na foleni ya Tunduma, injini ikinguruma pasipo kusogea.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu mfanyakazi akatwe fidia ya hasara isiyotokana na kosa lake, wala kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Mwajiri asiyepima mzigo wala kukagua pampu ana dhana tu, na dhana haikati mshahara wa mtu.